Ulaya hubanwa tanuri, kwetu hubanwa mkoko

Mjomba wangu wa Kwale ameniuliza kama ni kweli huku Ulaya watu wananunua hewa. Ni kweli, mjomba, ila wanayouziana huku na ile inayouzwa kwetu si biashara moja, na hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Mimi ni fundi wa zege hapa Hamburg. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya umewawekea wenye viwanda vikubwa, vya saruji vikiwemo, kikomo cha hewa ya ukaa. Kila tani ina kibali chake. Ukizidisha, nunua kwa aliyebakiza, na kikomo chenyewe hushushwa mwaka hadi mwaka. Kwa saruji jambo hili ni zito kwa sababu kubadili kuni hakutoshi. Takribani asilimia 60 ya ukaa wake hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, si kwenye makaa.

Lakini msiwasifu haraka. Kwa miaka mingi viwanda hivyo vilipewa vibali karibu vyote bure, eti vikibanwa vitahama. Kuna wakati bei ya tani ilianguka chini ya yuro 10, na nani atavunja tanuri lake kwa bei hiyo? Februari 2023 ilivuka yuro 100, na hapo hata wenye saiti wakaanza kuulizia saruji ilivyochanganywa. Vibali vya bure vimepangiwa kupunguzwa kuanzia 2026 hadi viishe 2034. Kule Brevik, Norwe, kiwanda kimoja cha saruji kilizindua mwaka 2025 mtambo wa kunasa tani 400,000 za ukaa kwa mwaka, lakini gharama kubwa ilibebwa na serikali. Soko peke yake halikutosha.

Sasa njooni Gazi. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, wanauza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa ukaa ulionaswa ambao hununuliwa na wanaotaka kufidia ukaa wao, tangu 2013: hekta 117 za mikoko, karibu tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Nawapa kongole. Ila tazameni aliyebanwa ni nani. Ni mwanakijiji aliyeambiwa aache kukata boriti. Tanuri la saruji linalotoa kwa mwaka tani milioni moja za klinka, yale madonge ya chokaa iliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya tani 800,000 za ukaa, yaani kazi ya mikoko yote ile ya mwaka mzima linaifuta kwa chini ya siku mbili. Sheria yetu ya Kenya ya 2023 kuhusu mabadiliko ya tabianchi imepanga miradi ya kaboni isajiliwe vipi na jamii ipate mgao gani. Kikomo kwa matanuri haikuweka.

Je, tuige Ulaya? Nimepiga hesabu. Kwa yuro 70 kwa tani, mfuko wa kilo 50 ungepanda karibu shilingi 300. Mwenye ghorofa Nyali atanung'unika na kulipa. Anayejenga chumba kwa chumba, mifuko mitano kila mwisho wa mwezi, ataacha ukuta kwenye lenta. Kwa hiyo hapana, si kwa bei hiyo na si kwa kila mfuko. Tena hakuna wa nje atakayetusukuma: tozo ya kaboni ambayo Ulaya imeiweka mpakani mwake kwa saruji haitugusi sana, maana saruji yetu haiendi huko.

Kinachopaswa kubanwa ni klinka. Cha kuziba sehemu ya nafasi yake tunacho: pozolana, majivu ya volkano ya Bonde la Ufa, na viwanda vyetu tayari huichanganya. Kuna pia udongo wa kaolini, unaochomwa kwa nyuzi 800 hivi, ilhali klinka hutaka 1,450. Ningeanza na zabuni za serikali: barabara, shule, zahanati. Ziandike kiwango cha juu cha klinka kwenye zege, na atakayezidisha alipie tofauti, pesa ziende kaunti. Anayejenga kwake haguswi.

Wakandarasi watalalamika. Huku pia hulalamika kwamba zege ya saruji yenye klinka kidogo hukawia kushika wakati wa baridi. Ni kweli hukawia, Januari nimeisubiri sana. Kwale hakuna Januari ya namna hiyo.