Kangaga Lisafishe Udongo, Majani Yake Ayachukue Nani?

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Makambako, ukifika maeneo ya Mafinga utaona miti ya milingoti iliyonyooka, na hapa na pale nguzo za umeme zilizolazwa uwanjani, nyingine zikiwa na rangi ya kijani iliyofifia. Rangi hiyo inatokana na dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo ikitolewa mtamboni kabla haijakauka huchuruzisha dawa, na uwanja usiosakafiwa huinywa, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu aseniki haiozi wala haivunjwivunjwi na vijidudu vya udongoni.

Ndiyo maana habari za mmea uitwao Pteris vittata, wa jamii ya kangaga, zinanigusa. Mwaka 2001 Lena Ma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza kwamba waliukuta ukistawi katika eneo lililochafuliwa na dawa hiyohiyo ya mbao, na kwamba katika udongo waliouongezea aseniki kwa makusudi, kilo moja ya majani makavu ilibeba takribani gramu 22 za sumu hiyo. Mizizi yake huivuta aseniki kwa njia ileile inayopitishia fosfeti, kirutubisho cha mimea, kisha mmea huipandisha hadi kwenye majani na kuihifadhi humo bila kudhurika. Mimea mingi ingekuwa imekufa zamani.

Naunga mkono kulipanda kangaga hili kwenye viwanja vya nguzo ili lisafishe udongo, lakini kwa masharti. Kangaga hili hupenda joto na udongo wenye chokaa, kiasi kwamba huota hata kwenye kuta za zamani, ilhali udongo wetu wa Mufindi, wilaya ulipo mji wa Mafinga, una tindikali na usiku wa Julai una baridi ya kuunguza majani ya viazi. Isitoshe, mizizi yake haifiki chini sana, na kazi yenyewe huchukua miaka mingi. Anayeahidi uwanja safi baada ya misimu miwili anauza maneno.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa ni mavuno. Mmea hauiangamizi sumu. Unaihamisha tu kutoka ardhini kwenda kwenye majani, na majani, kwetu sisi, hayakosi mwenyewe: ng'ombe atayataka, mwenye bustani atayataka kwa mboji, na yakikauka yatatumiwa kuwashia moto. Yakichomwa, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki katika majivu. Silisemi hili kwa kuwacheka wengine. Nyumbani kwetu tulikuwa na uzio wa vipande vya nguzo kuukuu, na vilivyolegea tuliviingiza mafigani tukapikia ugali, tukifurahia jinsi vilivyowaka vizuri. (Majivu yake tulimwaga kwenye mchicha.)

Kwa hiyo, kabla mche wa kwanza haujachimbiwa shimo, mwenye uwanja aonyeshe vipimo vya udongo, aweke uzio usioruhusu mifugo, na awe na ghala linalofungwa kwa ajili ya majani yaliyovunwa, pamoja na mkataba na mtu atakayeyapeleka kwenye dampo la taka hatarishi. Na sakafu ya saruji yenye paa, pale nguzo mbichi zinapochuruzikia, ijengwe kwanza. La sivyo kangaga litakuwa linachota maji huku bomba likiwa wazi.