Seli kumeza seli kwenye uvimbe: dalili nzuri au mbaya kwa mgonjwa wa kansa?

Ukiangalia kipande cha uvimbe wa kansa kwenye hadubini kuna wakati unakuta seli nzima, na kiini chake na utando wake, imekaa ndani ya seli nyingine, na ile ya nje kiini chake kimebanwa ukingoni mpaka kimejikunja kama mwezi mchanga. Watu wa patholojia wanayaona haya zaidi ya miaka 100 sasa, wengi walikuwa wanapita tu. Siku hizi ndo kuna hoja kwamba ukizihesabu unaweza kubashiri mgonjwa atakavyoendelea. Mi nasema hoja ina uzito ila inakimbizwa mno.

Tuanze na wanaosema ni nzuri. Mwaka 2007 timu ya Michael Overholtzer na Joan Brugge pale Harvard walieleza entosisi, yaani aina mojawapo ya seli kuingia ndani ya nyingine, na cha ajabu ni kwamba inayomezwa ndo inajisukuma yenyewe kuingia: imebanduka pale iliposhikilia, inaing'ang'ania jirani kwa protini za kadherini, inajikaza inazama. Nyingi zinafia humo, zinayeyushwa na vimeng'enya vya mwenyeji. Sasa seli iliyobanduka si ndo ileile ambayo ingesafiri kwenda ini au mapafu? Ikimezwa safari imeisha. Na kweli utafiti wa kansa ya kongosho wa 2012 uliona umezaji huu unaenda kinyume na kusambaa kwa kansa.

Upande wa pili nao hauna mzaha. Aliyemeza kapata chakula, na kwenye uvimbe wenye njaa hiyo ni faida kubwa. Halafu akitaka kugawanyika yule wa ndani anamzibia katikati, kugawanyika kunakwama, anabaki na viini viwili na kromosomu zimezidi, na huko ndo kunakozaliwa seli sugu. Afu mshindi hapatikani kwa bahati: 2014 ilionekana seli laini ndo zinameza ngumu, na zenye jeni ya kansa iitwayo KRAS iliyoharibika zinashinda, yaani uvimbe unajichuja wenyewe wabaki wababe. Kuna melanoma (kansa ya ngozi) zimeonekana zikimeza hadi seli T, askari wa kinga waliokuja kupigana nazo!

Mi naegemea huku kwa pili, ila siyo kabisa, maana uvimbe mkali una seli nyingi zinazobanduka, zenye njaa, zinazogawanyika ovyo, kwahiyo umezaji unaweza ukawa ni alama tu ya ukali ambao daktari tayari kauona kwenye gredi (seli zinavyoonekana kuwa mbaya) na hatua ya ugonjwa (umefika wapi mwilini). Swali la maana ni je, ukishatoa hivyo viwili kuna kitu kipya kinabaki?

Na hesabu yenyewe ina matatizo. Kipande ni chembamba, mikromita chache tu, seli mbili zikilaliana zinaonekana moja iko ndani, bila kupaka rangi ya kuonyesha utando unajidanganya. Tena wengine wanaweka kapu moja kansa iliyomeza kansa, kansa iliyomeza limfosaiti (seli ya kinga, kama zile seli T), na makrofaji (seli ya kinga inayokula takataka) iliyomeza kansa, wakati hii ya mwisho ni mwili unafanya kazi yake na ya katikati ni mwili unapigwa.

Hata kwenye dawa ni hivyohivyo. Ukizima maabara kimeng'enya cha ROCK, kile seli inachotumia kujikaza, entosisi inasimama, lakini kwa mgonjwa wa uvimbe ambao umezaji ndo unazuia usambaaji utakuwa umefungulia seli mlango, kwahiyo ripoti ikisema tu kuna seli ndani ya seli bila kutaja nani kameza nani, daktari hana cha kubadilisha kwenye matibabu.