Jua la Saa Nane Usiku

Jirani yangu hapa Tudor amenitundikia jua. Si sola, la! Jua lenyewe la adhuhuri, limefungwa ukutani kwake likaelekezwa kitandani kwangu. Ni taa ya wati 200, na kwenye boksi imeandikwa 6500K, herufi ambazo yeye huzitaja kwa fahari utadhani ni shahada ya chuo kikuu. Mtaa mzima wamwita Mulika Mwizi. Yeye acheka tu.

Mwizi mwenyewe kwani namuona? Ukitazama upande ule macho yanafumba yenyewe, na ukishageuka, nyuma ya tangi la maji huoni hata kidole chako. Ndoo yangu imechukuliwa papo hapo chini ya taa, kwenye kivuli kilicholetwa na taa yenyewe. Naamini mwizi alipata mwanga wa kutosha kuzichagua, kwani ile iliyopasuka ameiacha.

"Basi weka pazia," aniambia mama watoto. Pazia zito, Mombasa, na joto hili la Februari! Tumetundika leso yake. Sasa mwanga wapenya, na maneno ya leso yananitazama usiku kucha: HASIDI HANA SABABU. Leso anazo sanduku zima. Kwa nini akachagua hiyo, sijamuuliza, na sitamuuliza.

Tena afadhali ningekuwa mimi peke yangu. Kunguru wa mji huu, waliotujia 1947 wakakataa kuondoka, kelele zao za mchana tushazizoea. Siku hizi wamepata na zamu ya usiku. Jogoo wa nyumba ya pili naye awika saa saba, na bibi anayetuuzia mahamri akaamka, akakanda unga, akaweka mafuta motoni, ndipo akatazama saa. Aliyoyasema siwezi kuyaandika, bibi wa watu yule.

Mpwa wangu ni fundi wa stima. Asema, "Mjomba, taa si mbaya, ila imeangalia kusikofaa." Akanieleza kuwa ile 6500 ni rangi ya mwanga, mweupe wenye buluu nyingi, na buluu ndiyo inayotawanyika hewani kuliko rangi nyingine, ndiyo maana mbingu ya mchana ni ya buluu. Ndiyo pia inayoudanganya mwili kwamba bado ni mchana, ile homoni ya usingizi isitoke. Chini ya 3000 mwanga huwa wa manjano, kama balbu za zamani, na mtu hulala. Nikamuuliza, na ule unaokwenda juu wafanya nini? "Hakuna, mjomba. Waunguza tokeni za stima."

Hebu fikiria. Tunalia tokeni ghali, kisha tunazimwaga mbinguni, ambako Mwenyezi Mungu ana nyota zake na hajaomba msaada. Nyota zenyewe hatuzioni tena! Marehemu babu alikuwa akitazama Kilimia ajue mvua iko wapi. Mimi nangojea redio. Na si sisi tu, kwani ramani ya dunia iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2016 ilionyesha kuwa theluthi ya wanadamu wote hawauoni tena ule ukanda mweupe wa nyota.

Kasa nao wana kesi yao. Kitoto cha kasa kikitoka kwenye yai usiku hufuata upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu azali upande huo ni bahari. Taa za ufukweni zikiwaka, kinageuka kinaelekea barabarani. Nakihurumia, kwa maana nami nishatoka chumbani usiku wa manane nikidhani kumekucha.

Ufaransa wametunga sheria tangu 2013 kwamba madirisha ya maduka yazimwe taa ifikapo saa saba usiku. Huku kwetu kuna duka la magodoro linalofungwa magharibi, halafu magodoro yanaangaziwa mpaka alfajiri. Nani anunua godoro saa tisa za usiku? Mimi, labda. Silali.

Basi nikachukua debe la mafuta, mpwa akalikata likawa kofia ya taa, nikenda kwa jirani. Nikamwambia kwa adabu: bwana, iinamishe itazame chini, miguu ndiyo inayotaka kuona, ivishe kofia hii, tia balbu ya manjano, na ukipenda weka kihisi, iwake mtu akipita. Akanimiminia kahawa. Akanywa yake pole pole.

"Gazeti," akasema, "wewe husomea taa ya nani pale barazani?"

Nikanyamaza.

"Umenichangia tokeni hata siku moja?"

Tumebishana hadi birika likakauka. Mwisho tumepatana: debe langu, ngazi yake, balbu tugawane bei, na mpwa apande bila malipo. Mpwa amekubali, ila ataka kuja usiku. Mchana, asema, pale kwetu hapana mwanga wa kutosha.