Kotisoli ya wenye mzio: breki iliyolegea au iliyochoka?

Mwenye pumu au ukurutu, magonjwa ambayo mara nyingi huambatana na mzio, huambiwa mara nyingi kwamba ni "mawazo tu" yanayomsumbua. Kauli hiyo inaumiza, kwani inamtwisha mgonjwa lawama. Hata hivyo, swali lililojificha ndani yake ni la haki: je, kotisoli, homoni ya msongo, huwa na tabia tofauti kwa watu wenye mzio?

Mtu angetarajia wawe nayo nyingi, kwa jinsi wanavyoishi na muwasho, usiku usio na usingizi na hofu ya kubanwa kifua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walikuta kinyume. Katika utafiti wa 1997 waliwataka watoto wenye ukurutu wazungumze na kufanya hesabu mbele ya watu, kisha wakapima kotisoli kwenye mate. Ilipanda, ila kidogo kuliko kwa watoto wasio na ukurutu. Baadaye hali kama hiyo ilionekana kwa watoto wenye pumu ya mzio. Kotisoli ni breki ya mwili dhidi ya uvimbe, na dawa za steroidi huiga kazi hiyohiyo. Basi wanaosema udhaifu huu huchangia mzio wana hoja nzito: msongo unakuja, breki haikamati.

Upande wa pili unasema ugonjwa ndio ulioichosha breki. Uvimbe wa miaka na usingizi wa mang'amung'amu huvuruga mpangilio wa homoni. Steroidi nazo, hasa za dozi kubwa kwa muda mrefu, huzifanya tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza kotisoli, zipunguze kazi yake.

Kinachonivuta nisimame katikati ni watoto wachanga. Wale waliozaliwa na mwelekeo wa mzio, walipochomwa kisigino kutolewa damu, kotisoli yao ilipanda zaidi ya wenzao. Kwa hiyo tofauti ipo kabla ya dawa yoyote, lakini inaelekea juu. Kulegea huenda kunakuja baadaye, ugonjwa ukishakaa. Naona pande zote mbili zinashika kipande cha ukweli.

Tena kiwango peke yake hakitoshi. Msongo wa muda mrefu unaweza kufanya seli za kinga zisiisikie kotisoli hata ikiwa ya kutosha.

Ndiyo maana namwonea huruma anayepewa jibu la kipimo kimoja cha damu akaambiwa yuko sawa, au hayuko. Kotisoli hupanda sana karibu na wakati wa kuamka na kushuka mno karibu na usiku wa manane; pumu nayo hupenda kubana usiku. Namba isiyoandikiwa saa ya kupimwa, wala dawa anazotumia mgonjwa, haisemi mengi. Wala ikiwa ndogo si ruhusa ya kuacha ghafla steroidi: tezi zilizozoea kupumzika haziamki siku hiyohiyo, na kuzikatia dawa kwa mkupuo kunaweza kuhatarisha maisha.