Nilivyofagia na mitihani ya shemeji

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari huku Uyole, Mbeya. Jumamosi moja ya Juni, katika baridi ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, aliniletea kompyuta yake. "Shem, mashine imechoka hii. Naiwasha, naenda kuchota maji, narudi bado inazunguka. Fundi wa Mwanjelwa anasema dawa ni kupiga Windows upya." Nikamwambia hela ya fundi aiweke, mimi nitaisafisha bure.

Nikaingia Settings, nikafungua System, Storage, kisha Temporary files, yaani mafaili ya muda ambayo Windows na programu hujiwekea zikiwa kazini. Inakuja orodha yenye viboksi vya kuweka tiki. Nikaweka tiki vyote, kwa mbwembwe, mwenye mali akitazama. Baada ya muda GB 23 zikawa zimeondoka, tukapongezana, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Mtihani wa kidato cha pili haupo, na majibu yake hayapo. Mwalimu mwenzake alimtumia kwa WhatsApp, yeye akaupakua kwenye kompyuta, akaurekebisha usiku mbili tatu na kuuhifadhi palepale ulipoangukia, yaani Downloads. Na Downloads ni kiboksi kimojawapo katika orodha ile. Windows haikukiwekea tiki, niliweka mimi. Kinachofutwa kwa njia hiyo hakipiti Recycle Bin (pipa la taka la Windows), kwa hiyo hapakuwa na pa kwenda kukiokota. Mtihani wenyewe ulipatikana tena kwa mwenzake. Marekebisho yake alianza upya, na kwa wiki nzima aliniita "fundi" kwa sauti ambayo sikuipenda.

Tangu hapo nina msimamo ambao vijana wa steshenari wananibishia: kufuta mafaili ya muda kunakupa nafasi, hakukupi mwendo. Kompyuta nyingi tunazonunua huku ni za mtumba, zina diski ile ya kuzunguka na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na ukiziwasha kuna programu kumi zinazojiwasha bila kualikwa. Kama diski ya GB 500 ina GB 300 tupu, hata ukifuta Temp, folda yanamokaa mafaili hayo, mara tatu kwa siku huoni tofauti. Mambo hubadilika diski inapokaribia kujaa, hasa hizi SSD (diski za kasi zisizozunguka) ndogo za GB 128, maana Windows inakosa pa kuwekea masasisho na kazi zake. Hapo fagia. Pasipo hapo, haraka ni ya nini?

Tunaziita takataka, lakini nyingi ni kama miti ya jukwaa la mwashi. Nyumba ikiisha, jukwaa halina kazi. Ukilibomoa fundi akiwa juu, ni habari nyingine. Programu inayosakinishwa hufungulia vitu vyake kwenye Temp, na wakati mwingine husubiri uzime na kuwasha ndipo imalize. Ukifungua waraka ukiwa bado ndani ya zipu (faili lililobanwa), unaousoma ni nakala iliyowekwa Temp. Word nayo huacha mafaili yake ya kujihami, nakala za unachoandika. Umeme ukikatika (na msimu wa mvua Mbeya tunajuana), programu zinakufa bila kufagia nyuma yao, ndiyo maana Temp zetu zinanenepa. Lakini katika mabaki hayohayo huenda kuna ukurasa uliokuwa unauandika. Umeme ukirudi fungua Word kwanza, uone inakurudishia nini, ndipo uwaze ufagio.

Mimi sasa nafanya hivi. Nazima na kuwasha kompyuta, nasubiri itulie, sifungui kitu. Nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, naandika %temp%, Enter. Nachagua vyote, nafuta. Vitakuwepo vinavyogoma kwa kuwa vinatumika. Hivyo naviruka kwa Skip, sishindani navyo. Sitii mkono kwenye folda nyingine za Windows kwa kuwa tu jina lake silielewi. Mwoga kama mama yangu namwonyesha Disk Cleanup, ufagio wa Windows yenyewe, kwa sababu yenyewe huacha mafaili ya Temp ya siku saba za karibuni, na katika siku hizo saba ndimo kazi yako ilimo.

Katika orodha ile ya viboksi, cha masasisho ya zamani hakina neno. Cha Windows iliyotangulia kinafungua nafasi kubwa, ila ukishakifuta huwezi kurudi kwenye toleo la nyuma. Recycle Bin ifungue uchungulie kwanza. Namfahamu mama mmoja mwenye duka aliyekuwa anahifadhi humo risiti zake, "kwa sababu hapajai."

Kuhusu kivinjari, nina ugomvi na wanaoshauri ufute kashe kila wiki. Picha na vipande vya kurasa vimewekwa pale ili visipakuliwe tena. Ukivifuta, kesho unavivuta upya kwa bando lako mwenyewe. Futa kashe pale ukurasa unapogoma kufunguka vizuri, na ukifuta angalia usije ukatia tiki kwenye nywila.

Na zile programu za bure za "kuharakisha kompyuta"? Sizitaki. Windows ina ufagio wake, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kusafisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows). Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu hasidi ndani ya CCleaner, toleo la 5.33, na likasambazwa na wenye programu wenyewe bila kujua, likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2. Na hiyo ilikuwa programu yenye jina. Sembuse ile uliyopewa kwenye flashi na mtu mliyekutana kwenye daladala ya Kabwe.

Kompyuta ya shemeji ilikuja kupona mwaka jana, tulipoitoa diski ya zamani na kuweka SSD. Sasa inawaka kabla hajapata ndoo. Mitihani yake ina folda yake kwenye Documents na nakala kwenye flashi anayoivaa shingoni kama kitambulisho. Juzi nilichungulia Temp yake, imefika GB 4. Nikaifunga, nikamrudishia.