Tatu Bila

Kipande cha tiketi ninacho mpaka leo. Ukiniuliza kama nilikuwepo Uwanja wa Taifa tarehe 20 Oktoba 2013, siku Simba na Yanga walipotoka tatu kwa tatu, nitakutolea kipande hicho ukishike mwenyewe. Ila usiniulize swali la pili.

Tuanze na deni. Mei 2012 sisi Simba tuliwachapa Yanga tano bila. Tangu siku hiyo sikumsalimia shemeji yangu kwa mdomo. Ni kaka wa mke wangu, Yanga wa kuzaliwa nayo, na kila nikimwona nilikuwa namwinulia kiganja, vidole vyote vitano vimetanuka. Sebuleni, kiganja. Dukani, kiganja. Mara moja hata msibani, Mungu anisamehe, nilimpa pole ya mkono halafu nikauacha mkono hewani kidogo. Yeye jibu lake lilikuwa moja tu: "Malipo ni hapa hapa duniani, shem."

Siku ya mechi tulikubaliana tukutane uwanjani, kila mtu na tiketi yake. Yeye alikuwa harusini Bagamoyo tangu jana yake. Saa tisa akanipigia yuko njiani. Saa kumi akanipigia yuko kwenye foleni. Mimi nilishakaa upande wetu, nimevaa jezi nyekundu ambayo haikufuliwa tangu ile tano bila, maana bahati ikiguswa na sabuni inaondoka. Mke wangu alikuwa na maoni yake kuhusu jezi hiyo, lakini hayo si ya kuandika hapa.

Sijamaliza karanga zangu, Mrisho Ngassa akafunga. Kilichoniuma si bao. Msimu uliotangulia Ngassa alikuwa kwetu, na mimi nilimwimbia mpaka sauti ikakauka. Ni kama kumsomesha mtoto wa jirani, halafu yeye ndiye anayekuja kukusomea hati ya kukuhamisha. Akaja Hamis Kiiza, yule Mganda wanayemwita Diego, la pili. Watu wanaangalia saa wakisubiri filimbi ya mapumziko, Kiiza huyo huyo, la tatu.

Nikapiga hesabu. Matatu kwa nusu ya mchezo ni sita kwa mchezo mzima, hesabu ya darasa la tatu hiyo. Sita bila ndiyo tuliyowafunga wao mwaka 1977, hawajaisahau hata waliozaliwa juzi. Nikamwona shemeji sebuleni kwangu akiinua kiganja, kisha akiinua na kidole cha mkono wa pili. Tumbo likakata.

Kama ningekuwa na akili ningeangalia benchi letu. Kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, mtu ambaye kwenye zile sita za 1977 aliwafunga matatu peke yake. Mtu wa namna hiyo akiingia na vijana chumbani wakati wa mapumziko, wewe shabiki unakaa kwenye kiti chako unasubiri. Mimi nikavua jezi, nikaigeuza nje ndani, nikashika njia ya mlangoni.

"Ukitoka huingii tena," kijana wa getini akaniambia.

"Niingie nifuate nini?" nikamjibu. Nililisema kwa sauti kubwa na mkono kiunoni. Kumbuka jibu hilo.

Hatua tano mbele nakutana na nani? Shemeji, anakuja mbio, kanzu ya harusini amefunga kiunoni, skafu ya njano na kijani shingoni.

"Shem! Unakwenda wapi, mpira umeisha?"

"Kichwa kinaniuma."

Akaniangalia jezi, mishono yote iko nje, lebo inapepea shingoni. "Ngapi?"

Sikujibu. Nikatazama chini. Akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akakimbilia ndani kabla hawajaanza kipindi cha pili. Nikamsikia akipiga kelele, "Leo sita! Leo tunalipa sitaaa!"

Nikapanda daladala pale Barabara ya Mandela. Abiria tulikuwa wachache, konda ni Yanga, na redio inatangaza mpira. Yule konda alikuwa ameifungulia redio mpaka vioo vinatetemeka. Tukaanza kwenda, mimi nimeegemea dirishani kama mtu anayepelekwa hospitali.

Mara nikasikia redio imepungua sauti. Sikujali. Baada ya dakika chache ikapungua tena. Hapo nikashtuka. Konda Yanga, timu yake inaongoza tatu, anapunguza redio ya nini?

"Konda, ongeza sauti."

"Betri inaisha."

"Redio ya gari ina betri gani?"

Mama mmoja aliyepakata ndoo akanihurumia. "Baba, Simba wamerudisha mawili. Kwanza Mwombeki, sasa hivi Owino."

"Shusha!" Sijui nilisema kwa sauti gani, maana dereva alifunga breki tukajikuta wote tuko karibu na yeye. Nikashuka, konda akadai nauli kamili, nikalipa bila kubishana, jambo ambalo halijatokea maishani mwangu kabla wala baada yake. Nikaanza kukimbia kurudi. Mimi si mtu wa mbio. Nina kitambi cha heshima, na siku hiyo nilivaa kandambili.

Kijana wa getini alikuwa amekaa pale pale, kama alijua.

"Mdogo wangu," nikamwambia, ninahema.

"Naam, kaka."

"Naomba niingie."

"Uingie ufuate nini?"

Nilimwonyesha kipande cha tiketi. Nikamwonyesha jezi kwa ndani. Nikamweleza habari za kichwa kuuma, nikaongeza na habari za mama mgonjwa, ambaye ni mzima mpaka leo na ana nguvu kuliko mimi. Akanisikiliza kwa adabu zote, mpaka mwisho, kisha akasema utaratibu ni utaratibu.

Basi nikakaa kwa mama muuza mihogo, mgongo kwa ukuta. Mtu ambaye hajakaa nje ya uwanja hajui mateso. Unasikia kelele, lakini kelele hazina rangi. Watu wakiguna unaguna. Wakishangilia hujui ushangilie au ulie. Pembeni yangu kulikuwa na kijana anauza maji, ana redio ndogo ameibana sikioni, nikawa namsoma uso. Uso wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayecheza karata.

Halafu, zimebaki dakika chache, uwanja ukapasuka. Mihogo ikatikisika kwenye karai. Nikamgeukia kijana wa maji. Taratibu akaishusha redio, akaizima, akaitia mfukoni, akaanza kuhesabu chupa zake ambazo hakuna aliyezinunua.

Nikajua tumesawazisha. Baadaye ndiyo nikaambiwa mfungaji ni Gilbert Kaze, Mrundi. Nikaruka, nikamkumbatia mama wa mihogo, akanipiga kijiko cha upawa begani kwa sababu mafuta yalikuwa ya moto na mimi sikuona.

Shemeji akatoka na umati, skafu ameikunja ndani ya kiganja. Akaja akakaa kwenye benchi langu bila kusalimia. Tukatazamana. Ikachukua muda kila mmoja wetu kuelewa kilichotupata. Mimi Simba, nimelipa kiingilio, nimeona mabao matatu, yote ya Yanga. Yeye Yanga, katoka Bagamoyo kwa basi mbili, kaona mabao matatu, yote ya Simba.

"Nieleze la Kaze," nikamwambia.

"Liliingia tu."

"Liliingiaje?"

"Nieleze kwanza la Ngassa."

Mtu hawezi kutoa mali bure. Tukakubaliana bao kwa bao. Mimi nikamweleza la Ngassa nikiwa nimeuma meno, yeye akanilipa la Mwombeki kwa maneno manane, nilihesabu. Kwa lile la pili la Kiiza alitaka nisimame nionyeshe kwa mguu, nikasimama, nikampigia ganda la muhogo. Ya Kaze aliniuzia kwa bei: nilinunua mihogo ya watu wawili, na kachumbari, na soda.

Tulifika nyumbani usiku. Mke wangu alikuwa mlangoni, mpira kwake ni kelele tu, lakini aliona tumenyamaza wote wawili, jambo ambalo si la kawaida.

"Haya, ngapi?"

"Tatu bila, Yanga," nikasema.

"Tatu bila, Simba," akasema kaka yake.

Akatutazama mmoja mmoja, akanusa hewa, akasema jezi ile ivuliwe nje.