Carl Jones na kozi wa Morisi: mtafiti aguse au atazame tu?

Mwaka 1974 kozi wa Morisi, ndege mdogo mwindaji wa kisiwa hicho cha Bahari ya Hindi, waliojulikana kuwa hai porini walikuwa wanne tu, na kati yao jike aliyekuwa akitaga ni mmoja. Miaka mitano baadaye kijana kutoka Wales, Carl Jones, alipelekwa kisiwani humo kuufunga mradi wa kumwokoa ndege huyo. Hakuufunga. Akabaki, na maisha yake yote ya utafiti yakasimama juu ya swali moja linalowasumbua wanaikolojia wa ndege hadi leo: kiumbe anapokaribia kutoweka, mwanasayansi aingize mkono au alinde msitu na kuyaacha maumbile yafanye kazi yake?

Jones aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kozi huyu hutaga katika mapango ya magenge, na mayai yake ya kwanza yakipotea hutaga tena. Basi yeye na wenzake walipanda, wakachukua mayai ya kwanza wakayaweka kwenye mashine ya kutotolea, na jike akataga mengine akayalea mwenyewe. Jozi moja ikatoa vifaranga wa jozi mbili. Ndege wa porini waliongezewa chakula, panya weupe, wakatundikiwa masanduku ya kutagia, na nguchiro na paka wakategwa. Kufikia 1994 kozi 333 walikuwa wameachiwa porini. Anayewaona leo wakipenya kati ya matawi kwa mbawa zao fupi, wakiwafuata mijusi wa kijani mitini, hawezi kuliita hilo jambo dogo.

Hata hivyo wapinzani walikuwa na hoja. Miaka ile ya 1970 walikuwapo wahifadhi makini waliosema ndege huyu aachwe, fedha ziende kwa wenye matumaini zaidi. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri Morisi haufiki hata asilimia 2 ya kisiwa; ndege bila msitu ataishi wapi? Hoja hii naiheshimu, lakini naona inamtenga ndege na msitu wake kana kwamba mtu lazima achague kimoja. Jones mwenyewe hakuishia kwa kozi. Alihangaikia pia njiwa waridi na kasuku wa kisiwa hicho, kisha akatetea kobe wakubwa wa Aldabra, visiwa vya Shelisheli, waletwe kuziba pengo la kobe wa Morisi waliokwisha toweka. Katika Ile aux Aigrettes, kisiwa kidogo kando ya Morisi, kobe hao sasa hula matunda ya mpingo wa huko na kusambaza mbegu zake.

Hoja nyingine ndiyo inayoninyima usingizi: mkono unaookoa unaweza kuharibu. Katika visiwa vya Chatham, New Zealand, robini mweusi alibaki na ndege watano mwaka 1980. Baadhi ya majike walikuwa wakitaga yai ukingoni mwa tundu, mahali ambapo haliwezi kuatamiwa. Wahifadhi, ambao kwao kila yai lilikuwa dhahabu, walilisukuma ndani taratibu. Nani asingefanya hivyo? Kumbe tabia ile hurithiwa. Katika hali ya kawaida yai lile lingekufa na tabia ikafa nalo; kwa kusaidiwa, ikaenea hadi zaidi ya nusu ya majike wakawa wanataga ukingoni. Ni baada ya watu kuacha kuyasukuma mayai ndipo tabia hiyo ilipopungua.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Jones, ila kwa sharti. Aguse, lakini kila mguso uandikwe na kupimwa, na ajulikane ni lini ataacha. Kozi wa Morisi huvishwa pete za rangi miguuni ili kila mmoja atambulike na kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ya kuhesabu haina picha za kupendeza kama kifaranga anayelishwa kwa koleo, na wafadhili huichoka upesi.

Lakini ndiyo iliyoonyesha kwamba idadi yao imeanza kushuka tena. Mwaka 1994 kozi huyu alikuwa ameondolewa katika kundi la walio hatarini. Mwaka 2014 akarudishwa. Wanaosema kwamba juhudi za Jones zimeshindwa wanaegemea takwimu hizohizo, zilizokusanywa na watu walioendelea kupanda magenge yale baada ya shangwe kuisha.